Mama Rudia na Vijana Walioogopa Milango

Hebu mwone kwanza anavyoingia. Mlango wa ukumbi umeshikwa na kutu, kwa hiyo anausukuma kwa nyonga, maana mikono yote miwili ina kazi: wa kulia umebeba stendi ya miguu mitatu iliyofungwa kwa kipande cha shuka kuukuu, wa kushoto umeukumbatia mkoba wa kamera kifuani, kama mtu aliyebeba kichanga mvuani. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, kavaa viatu vya raba, na miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi. Anasimama katikati. Anatazama dirisha, anatazama taa, anatazama feni ya darini inayolalamika. Halafu, kabla hata ya salamu, anasema:

"Hiyo feni izimwe. Inaniingilia kwenye sauti."

Ndipo anapoikumbuka adabu yake. "Hamjambo, wanangu?"

Vijana waliokuwa kwenye viti vya plastiki wakatazamana. Kijana mmoja mrefu, miguu yake imejaza nusu ya chumba, akasema, "Mama, feni ikizimwa tutaiva."

"Iveni. Nimewapiga picha mabwana harusi waliosimama juani mchana kutwa na suti nzito, na hakuna hata mmoja aliyepakuliwa."

Wakacheka. Mshauri wa kituo, binti mwenye sauti ya taratibu ambaye vijana wote walimwita Dada, akashusha pumzi kwa faraja. Alikuwa amejaribu wapiga picha wengine, na hao waliwaogopa vijana hawa, au vijana waliwaogopa wao. Huyu alikuwa amewachekesha hata hajafungua mkoba.

Nikueleze ukumbi wenyewe. Ulikuwa nyuma ya zahanati, zamani stoo ya vitanda vibovu. Vijana waliofika hapo walikuwa askari waliorudi kutoka kwenye ule mji uliopiganiwa nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba, ngazi kwa ngazi. Wengi wao walikuwa hawajafika umri wa kuota ndevu za maana. Walirudi na mikono yao, miguu yao na macho yao, kwa hiyo wakubwa waliohusika na matibabu walisema hawana majeraha. Dada alikuwa ameomba, akazungushwa, akaomba tena. Mwishowe akaambiwa: lete kitu tukione. Ndiyo maana alitaka filamu. Kila kijana akae kwenye kiti, aseme mwenyewe yaliyomkuta, kisha wakubwa watazame na waamue kama hospitali itawapokea. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kutazama.

Sasa yule mama. Mitaa ya kwao ilimwita Mama Rudia. Alikuwa mpiga picha za video za harusi, na kwa miaka mingi hakuna bibi harusi aliyekata keki mara moja tu mbele yake. "Rudia, mwanangu, umeficha uso." "Rudia, bwana harusi, huyo ni mkeo, si mkuu wa polisi, tabasamu." Hata mashemeji waliokuwa wakikumbatiana kwa kinyongo aliwarudisha nyuma waje upya, mpaka kinyongo kikachoka. Watoto wakicheza mchezo wa harusi uani, mmoja lazima awe Mama Rudia, afunge jicho moja na kupiga kelele.

Alikuwa na tabia nyingine, nayo uishike, maana tutairudia. Harusini watu wakishiba, maneno huanza. Mjomba atadai hakupewa heshima yake, shangazi atakumbusha yaliyopita. Mambo ya ndani, yaani. Hapo kidole cha Mama Rudia kilikuwa kinakwenda chenyewe kwenye kitufe na kuzima kamera. Hakuna aliyekituma. "Kidole changu kina adabu kuliko mimi," alikuwa akisema. "Mimi hubaki nasikiliza umbea, chenyewe kimeshazima."

Lakini hakuja pale zahanati kwa sababu ya adabu, wala kwa kumhurumia Dada. Alimfuata mwanawe.

Alikuwa na mabinti wawili walioolewa, kisha akapata huyo wa mwisho, kitindamimba, aliyezaliwa watu wakidhani mama yake ameshafunga duka. Kijana akakua, akaenda jeshini, akapelekwa kwenye mji ule. Akawa anapiga simu mtandao unapopatikana.

"Mama, huku wananiita Chaki."

"Umekuwa mwalimu?"

"Ndiyo. Nafundisha milango."

Akamweleza. Kikosi chao kidogo kikishamaliza kupekua nyumba, na kuona hamna adui, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuweka alama ya chaki, ili wenzake wanaokuja nyuma wasiifyatulie risasi. Mstari mmoja wa kusimama wenye mkia, chini, usawa wa goti, kwa kuwa mtu anayetambaa hatazami juu. Na iwe kwenye mwimo, ule mti wa pembeni ulioshika bawaba. Isiwe kwenye ubao wa mlango. "Ubao unatembea, mama. Mwimo hautembei."

Simu zikakatika. Siku moja afisa akaja nyumbani na kofia mkononi, na nyuma yake gari lenye sanduku. Akasema sentensi moja, iliyonyooka kama iliyopigwa pasi: mwanao ameanguka kishujaa, kwa risasi ya adui, wala hakuteseka.

Mama Rudia akauliza, "Ameanguka wapi? Barabarani au ndani?"

"Mama, vita ni vita."

"Nifungulieni nimwone."

"Haitawezekana, mama."

Hakupiga yowe. Aliwaambia binti zake jioni ile, wakati waombolezaji wanaondoka, "Risasi moja haifungi sanduku." Na tangu siku hiyo hakupata utulivu. Mtu ambaye kazi yake ni kuona hawezi kuishi na tukio lisilo na mahali. Akifumba macho, mwanawe alikuwa akianguka barabarani. Akiyafumba tena, alikuwa akianguka ngazini. Kila mara mahali pengine, na kila mara upya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini huyu hata uchungu wenyewe hakujua auweke wapi.

Aliposikia kuna vijana wa kikosi kile nyuma ya zahanati, na kuna binti anatafuta mtu wa kamera, akaenda. Hakumwambia mtu yeye ni mama wa nani. Wale vijana hawakuwapo mazikoni, walikuwa bado mjini kule wanapigana. Kwao alikuwa mama wa harusi tu, mpenda kelele.

Kazi ikaanza. Kila kijana alipewa glasi ya maji, akabanwa kipaza sauti kidogo kwenye kola, na kamera ikishawaka Mama Rudia akauliza swali lake la kwanza, lile lile kwa wote. Alilitunga mwenyewe.

"Sema unaitwa nani, na nani wako hakurudi."

Na karibu kila mmoja akasema: Chaki.

Fikiria amesimama nyuma ya lenzi, mkono kwenye stendi. Walimweleza mtoto ambaye yeye hakuwahi kumjua. Kwamba alikuwa akitoka kwenye nyumba iliyopekuliwa anaipa maksi: "Mia kwa mia, ila sebule chafu." Kwamba wenzake wakimtania, "Shikamoo mwalimu," anawajibu, "Kaa chini wewe, darasa halijaisha." Mmoja akasema Chaki alikuwa anakoroma kama lori linalopanda mlima. Mama akauma shuka la stendi ili kicheko kisiingie kwenye sauti, maana ndiyo, kweli, alikoroma hivyo tangu mdogo, na ukuta mzima wa jirani ulijua.

Lakini kila walipofika siku ile ya mwisho ya Chaki, walisimama. Kila mmoja alisimama mahali pale pale, kama watu waliofika mlango mmoja.

"Halafu tukampoteza," walisema.

"Mlimpotezaje?"

"Tulimpoteza tu, mama."

Siku ya yule Mrefu ndiyo iliyomtisha. Mrefu alikuwa anasimulia ngazi za jengo moja, jinsi alivyopanda bila kujua juu kuna nani, akafika kwenye mlango, akaupiga teke. Hapo hapo lori likapita nje na honi ndefu, sauti yote ikaharibika. Na Mama Rudia, kwa mazoea ya maisha yake yote, akasema, "Rudia, mwanangu. Anzia pale ulipopiga teke."

Mrefu akainuka. Akapiga teke hewani. Uso wake ukabadilika, si uso tena wa mtu anayesimulia. Akaanguka chini, akatambaa chini ya meza, akajikunja na miguu yake yote ile mpaka akawa kitu kidogo. Alikuwa analia bila sauti. Dada akalala sakafuni kando yake, akakaa naye hivyo, anamwambia jina la siku na jina la mtaa, mpaka akarudi.

Mama Rudia akaenda kukaa nje kwenye kizingiti. Mrefu alipotoka baadaye, macho mekundu, akamkuta pale.

"Nisamehe, mwanangu."

"Ah, mama. Hukujua."

"Sasa nimejua. Neno hilo halitatoka tena kinywani mwangu humu ndani."

Mrefu akajaribu kutabasamu. "Basi tukuite Mama Usirudie." Jina likashika. Kuanzia siku hiyo vijana walilitumia kwa mzaha, naye akalipokea kama mtu anayekubali deni lake.

Alibaki mmoja ambaye hakuwa amekaa kwenye kiti: Kinyozi. Ndiye aliyekuwa akiwanyoa wenzake kule kwa mkasi mmoja, na wote walisema ndiye aliyekuwa mwandani wa Chaki, chanda na pete. Kinyozi alikuja mara kwa mara, ila hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara, anautazama mlango wa ukumbi, kisha anaondoka.

Alhamisi alikuja na mama yake. Mama huyo alimwacha kijana ng'ambo akaja kukaa kizingitini, kando ya Mama Rudia.

"Dada yangu, wewe ndiye wa kamera? Mnase na huyu wangu, labda atapona. Ametoa milango yote nyumbani. Alianza na wa chumbani kwake, nikanyamaza. Akatoa wa jikoni, nikanyamaza. Juzi ametoa wa choo! Mimi mtu mzima, nikienda haja naimba, ili watu wajue kuna mtu."

"Unaimba wimbo gani?"

"Wowote unaokuja. Shida ni kwamba majirani wanaupenda, wanaitikia."

Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono, wakacheka mpaka yule mama akaanza kulia katikati ya kicheko, kwa namna ambayo huwezi kusema kicheko kiliishia wapi.

"Halali. Hali. Maji hanywi mpaka nimsimamie, mtoto wa kusimamiwa maji! Anasema nimpeleke akafungwe. Nimemuuliza, ufungwe kwa kosa gani? Hasemi. Mimi naona anakwenda, dada. Anakwenda nikiwa namtazama." Akajipangusa kwa kiganja. "Wewe una watoto?"

"Ninao mabinti wawili. Wameolewa."

"Heri yako, hukujaliwa wa kiume."

Mama Rudia akaitikia kwa kichwa. Akauona moyo wake ukitoka, ukakaa pale kwenye kizingiti kati yao, na mwenzake hakuuona.

Dada alipoelezwa habari za milango, alimwita fundi seremala wa mtaa. Fundi akaung'oa mlango wa ukumbi pamoja na bawaba zake, akauegemeza ukutani nje. Kelele za barabara zikaingia zote: mashine ya kuchomelea vyuma, watoto wa shule, mtu anauza vitu kwa kipaza sauti. Mama Rudia, aliyegombana na feni, hakusema neno.

Kinyozi akavuka barabara. Alipofika kwenye uwazi ule alichutama, akapitisha vidole kwenye mwimo, chini, usawa wa goti. Akatafuta kulia, akatafuta kushoto. Kisha akaingia, akakaa kwenye kiti akiutazama uwazi. Glasi ya maji aliyopewa aliisogeza mbali kwa ncha ya kidole.

Taa nyekundu ya kamera ikawaka.

"Sema unaitwa nani, na nani wako hakurudi."

"Wananiita Kinyozi. Chaki hakurudi."

Alikuwa na sauti ndogo, ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa.

"Nyumba ile ilikuwa safi. Tuliipekua wenyewe. Ila bomu lilikuwa limepiga mbele, miimo yote miwili imevunjika chini, imekuwa vijiti, mlango umebaki unaning'inia kwa bawaba ya juu. Chaki akachutama na chaki yake, akasema, sasa mimi niandike wapi, hewani? Tukamcheka. Akauvuta mlango ukafunga, akaandika kwenye ubao. Nikamwambia, si ulisema ubao unatembea? Akasema, huu hautatembea, tunaondoka wote. Lakini hatukuondoka. Tuliambiwa tusubiri. Jua lilikuwa kali, maji yametuishia tangu asubuhi. Mle ndani, jikoni, tuliona bomba linatoa maji. Mji mzima hauna maji, bomba lile linatoa. Mimi nilikuwa nimekauka. Nikamwambia, Chaki, ndugu yangu, nenda kanitafutie maji. Akacheka. Akasema, subiri—"

Na kidole cha Mama Rudia kikaenda kwenye kitufe.

Hakukiona kikienda. Yeye alikuwa na macho kwa kijana, na masikio, na mwili mzima. Kidole kilisikia mambo ya ndani yanaanza, kikafanya kilichofanya kwa miaka yote: kikazima. Taa nyekundu ikafa, na hakuna aliyeitazama.

Kinyozi akaendelea.

Alisema kwamba Chaki alipokwenda, wao wakashambuliwa kutoka mtaa wa nyuma. Alikimbia kuzunguka, akapigana, kichwa kikasahau kila kitu, kikasahau hata kiu. Aliporudi kwa upande mwingine aliiona nyumba yenye uwazi, miimo imevunjika, haina alama, wala hakuitambua. Chaki alikuwa ameusukuma mlango kwa ndani alipoingia, na ubao ulikuwa umekwenda na alama yake, umegeukia ukutani. Ndani kuna kitu cha chuma kinagonga sinki.

"Kanuni ni kuita kwanza. Nilitaka kuita, mama. Koo lilikuwa limekauka. Sauti haikutoka. Nikarusha bomu la mkono."

Mashine ya kuchomelea ikanyamaza nje, kisha ikaanza tena.

"Moshi ulipopungua nikaingia. Ubao ulikuwa umeng'oka, umelala chini, alama juu. Mstari na mkia wake. Nikasoma alama kwanza. Halafu ndipo nikamwona." Alikuwa akiitazama glasi iliyokuwa mbali naye. "Bomba lilikuwa bado linatoa. Chupa za chuma zilikuwa mbili, yake na yangu. Yangu alikuwa ameshaijaza. Nikainywa, mama. Alikuwa pale, na mimi nikainywa yote."

Hapo Mama Rudia alipata alichokuja kukitafuta. Mahali. Ilikuwa jikoni, mbele ya sinki, mkono kwenye bomba, anamchotea mwenzake maji. Picha zote zile za barabarani na za ngazini zikaondoka kichwani mara moja, ikabaki hii peke yake, nayo haikuwa nyepesi kuliko zile. Stendi ya miguu mitatu ndiyo iliyomshika.

"Wenzangu waliniona," Kinyozi akasema. "Wakaapa hawatasema. Afisa naye akasema iandikwe risasi ya adui, ni afadhali kwa familia. Lakini ana mama yake, yule. Alikuwa ananisimulia habari zake mpaka nikamjua kama wangu, mpenda kelele vile vile. Kila siku nawaza, nimkute wapi, nimwambie nini." Akauinua uso. "Umenasa yote? Maana nimesema mara moja. Siwezi kusema tena. Nikisema tena nitakufa."

Mama Rudia akatazama kamera, akaona taa haiwaki.

"Pumzika, mwanangu," akasema.

Mchana ule ule, vijana walipoondoka, yeye na Dada walikaa mbele ya kioo kidogo wakatazama. Kinyozi akasema, subiri, na picha ikakatika.

"Imekuwaje?" Dada akauliza.

"Kidole changu."

Dada akafunika uso. "Mama, huyu ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Wengine wanaweza kusubiri. Huyu nikimpeleka kesho bila maneno yake, watasema ni mzima, analia msiba wa rafiki. Mimi nikiwasimulia, wananiambia nimetunga. Wanataka waone. Hatuwezi kumwomba arudie?"

"Wewe ulilala chini ya meza na Mrefu. Unaniuliza mimi?"

"Basi tumempoteza."

Mama Rudia akakunja shuka la stendi, akalikunjua, akalikunja tena. Mwishowe akasema, "Kuna mtu mwingine aliyeyasikia yote na anaweza kuyasema mbele ya kamera, na wale wakubwa hawatathubutu kumwambia ametunga."

"Nani?"

"Chaki ni wangu, Dada. Nilimzaa mimi."

Sitakueleza uso wa Dada ulivyokuwa. Alisimama, akakaa, akauliza kwa nini hakuambiwa, na Mama Rudia akamjibu kwa swali: "Ungenipa kazi?"

Kisha wakapima. Mama akikaa kwenye kiti aseme, "Mimi ni mama wa Chaki, na kijana aliyemuua mwanangu ni mgonjwa, mtibuni," hakuna mkubwa atakayesema hana jeraha. Lakini maneno hayo yakishatoka, siri ya vijana wote imetoka, na neno la afisa limeonekana ni uongo, na huenda wakamfunga kijana badala ya kumtibu. Na Kinyozi atajua. Atajua kwamba ile siku aliyoiogopa, ya kukutana na yule mama, imeshapita, na kwamba alimwambia usoni, "Nikainywa yote." Je, hilo litamnyanyua, au litammaliza? Dada, na elimu yake yote, alisema hajui.

"Na wewe mwenyewe?" Dada akauliza taratibu. "Umemsamehe?"

"Sijui." Akasugua kile kidole chake kwenye goti. "Nikimwona, nataka kumpiga. Nikimwona, nataka kumnywesha maji. Vyote viwili, wakati mmoja. Lakini najua kitu kimoja. Sitalisema nyuma ya mgongo wake. Kama atasikia, asikie kwangu."

Ijumaa asubuhi, kabla ya wakubwa kuamka sawasawa, Kinyozi aliitwa ukumbini. Mlango ulikuwa bado nje, umeegemea ukuta. Alichutama, akapapasa mwimo. Safari hii vidole vyake vilisimama. Usawa wa goti palikuwa na mstari wa chaki wa kusimama, wenye mkia. Mama Rudia alikuwa ameuchora mwenyewe, kwa kadiri alivyoelezwa kwenye simu. Kinyozi akautazama sana, akamtazama mama, akadhani labda ni wenzake waliomweleza.

Ndani alikuta mambo yamegeuka. Mama Rudia ndiye aliyekaa kwenye kiti, kipaza sauti kimebanwa kwenye kola yake, glasi ya maji mbele yake. Nyuma ya kamera hapakuwa na mtu. Dada alikuwa amesimama pembeni, mikono imefumbatana.

"Leo wewe ndiye utakayenipiga mimi," Mama Rudia akasema. "Unaijua kazi?"

"Mimi nanyoa tu, mama."

"Ni kama kunyoa. Usitikisike, na usiache nusu. Bonyeza hapo. Taa nyekundu ikiwaka, uniulize kama ninavyowauliza nyinyi. Na chochote nitakachosema, mwanangu, kidole chako kisizime. Umenisikia? Kisizime."

Kinyozi akainama nyuma ya lenzi. Mikono yake ikakishika kile chombo kama ilivyokuwa ikishika mkasi, kwa kuwa ilikuwa imepewa kazi. Nje mama yake alikuwa ameketi kwenye kizingiti, anaimba kitu kwa sauti ya chini, kwa mazoea. Taa nyekundu ikawaka.

"Sema unaitwa nani," Kinyozi akasema, "na nani wako hakurudi."

Mama Rudia akafungua mdomo. Akamwona kijana nyuma ya jicho lile moja la kioo, mdogo sana, anasubiri jibu kwa heshima zote.

Nawe msomaji wangu, ambaye umekuja naye tangu aliposukuma mlango kwa nyonga, sasa uko naye kwenye kiti: je, ungelitaja jina la mwanao?